Mchakamchaka na Kibali

Siku hizi ukitaja mazoezi, watu wanafikiria jimu. Wanafikiria ukumbi wenye vioo, mashine za kukimbilia mahali pamoja, na kadi inayolipiwa kila mwezi. Vijana wetu wenye simu wanaona hayo kwenye video halafu wanasema, sisi huku hatuna kitu. Hapo nabisha. Ukifuatilia historia utakuta jimu ni mtoto wa juzi tu, na kabla yake watu walijenga miili yao uwanjani, barabarani na mashambani bila kumlipa mtu. Lakini nabishana na wa upande wa pili pia, wale wanaokuja kutuambia kwamba kukimbia ni bure. Bure hiyo mimi siijui. Karibu kila niliposoma habari za watu wasio na pesa waliokimbia pamoja, nimekuta mwenye cheo amesimama pembeni akiuliza: nani kawaruhusu?

Nianzie mbali kidogo, Ujerumani, maana huko ndiko yalikotoka mambo mengi tunayoyaita "mazoezi ya viungo" shuleni.

Mwaka 1806 jeshi la Prussia, dola kubwa ya Wajerumani ya kaskazini, lilipigwa vibaya na Napoleon huko Jena, na Wafaransa wakaingia Berlin. Mwalimu mmoja, Friedrich Ludwig Jahn, aliumizwa sana na aibu ile. Mwaka 1811 akaanza kuwachukua wavulana wa shule Jumatano na Jumamosi mchana, saa ambazo hawana masomo, akawapeleka nje ya mji mahali panapoitwa Hasenheide. Pale walikimbia, waliruka, walipanda kamba, walipigana mieleka. Akasimamisha miti miwili sambamba ya kujiinulia kwa mikono, na mti mwingine mlalo wa kuning'inia. Vifaa hivyo ukiviona leo kwenye jimu la pesa nyingi ujue vilianza nje, juani, kwenye vumbi.

Mambo mawili ya uwanja ule yananivutia kuliko vifaa. La kwanza ni mavazi. Wote walivaa kitani cha kijivu, cha bei ndogo, kisichopaushwa, ili mtoto wa tajiri na mtoto wa fundi viatu wasitofautiane. La pili ni lugha. Kijerumani kina "wewe" ya heshima, ya kumwambia mkubwa au mgeni, na "wewe" nyingine ya ndugu na rafiki. Uwanjani ilitumika ile ya kindugu, basi. Sisi tuliokulia katika lugha ambayo kijana hawezi kumpita mzee bila shikamoo tunaweza kuona uzito wa jambo hilo. Kwa saa mbili tatu kwa wiki, wavulana wa Berlin waliishi kama watu wasio na vyeo.

Serikali ilifurahi mwanzoni. Mwaka 1813 vita vya kumfukuza Napoleon vilipoanza, vijana wengi wa Jahn walijiunga na vikosi vya kujitolea, na mwalimu mwenyewe akaenda. Walipigana, Napoleon akaondoka. Shida ikaja baada ya hapo. Vijana waliozoea kukutana na kukimbia pamoja walianza kuulizana maswali: kwa nini Wajerumani wamegawanywa katika vidola vingi, na kwa nini wafalme hawataki katiba? Machi 1819 mwanafunzi wa harakati hizo, Karl Sand, akamuua kwa kisu mwandishi August von Kotzebue katika mji wa Mannheim. Wafalme wakapata sababu waliyokuwa wakiitafuta. Jahn akakamatwa mwaka huohuo. Mwaka 1820 Prussia ikafunga viwanja vya mazoezi, na amri ile ikakaa mpaka 1842. Miaka ishirini na miwili! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa amri alioa na kupata mtoto wake kabla hajaruhusiwa kuning'inia kwenye mti hadharani.

Nisimpake Jahn mafuta. Alikuwa mtu wa chuki. Aliwachukia Wafaransa na aliwasema vibaya Wayahudi, na mwaka 1817 mwanafunzi wake mmoja aliongoza kuchoma vitabu kwenye mkutano wa vijana huko Wartburg. Miaka mia moja na kitu baadaye Wanazi walimsifu kama babu yao. Sisi tunaotoka Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa sana. Tumeona vijana wakianza na timu ya mpira, wakaenda mazoezi ya asubuhi, wakaishia kushika panga. Kwa hiyo mkuu wa serikali anayeogopa kundi la vijana wanaokimbia kwa hatua moja si mjinga hata kidogo. Swali ni je, anaogopa panga, au anaogopa maswali?

Katika miaka ile ya amri, mazoezi Berlin hayakufa, ila yaliingia ndani. Ernst Eiselen, aliyekuwa msaidizi wa Jahn, aliruhusiwa baadaye kufungua ukumbi wake binafsi, wenye paa na kuta, na watu wakaja kwa kulipa. Paris nako, katika miaka ya 1840, Hippolyte Triat akafungua ukumbi mkubwa wa mazoezi kama biashara. Sisemi kwamba jimu la kulipia limezaliwa na marufuku peke yake, baridi ya Ulaya nayo ina lake. Lakini ona mpangilio: uwanja wa bure ukawa jambo la siasa, ukumbi wa kulipia ukawa jambo la afya. Mwenye pesa akiinua vyuma ndani hamwogopeshi mtu.

Halafu kuna kipande ambacho wakimbizi hasa tunapaswa kukijua. Mwaka 1848 Wajerumani walifanya mapinduzi wakitaka katiba, na vyama vya mazoezi vilikuwa ndani yake. Mapinduzi yakashindwa. Wengi wakakimbia, na maelfu wakafika Marekani. Mwaka huohuo huko Cincinnati wakimbizi wale, akiwemo kiongozi wao mmoja aitwaye Friedrich Hecker, walianzisha chama cha mazoezi kama kile cha kwao. Vikafuata vingine mji baada ya mji. Walipanga vyumba, walikuwa hawajui Kiingereza vizuri, na moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya ni kutafuta mahali pa kuruka na kuning'inia pamoja. Wengi wao walisimama upande wa kupinga utumwa, na Lincoln alipoapishwa mwaka 1861 baadhi yao walikuwa kati ya walinzi wake. Vyama hivyohivyo vilishinikiza shule za Marekani zifundishe mazoezi ya viungo. Somo wanalolisoma watoto wa Marekani leo lina mkono wa wakimbizi ndani yake.

Sasa turudi kwetu.

Tanzania ina neno lake, mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi ya nchi hii halihitaji kuelezewa. Kwa mgeni niseme hivi: ni mbio za asubuhi, mwendo wa wastani, mistari miwili au mitatu, kiongozi anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja. Pumzi inapangwa na wimbo. Huwezi kukimbia kwa pupa kwa sababu unaimba, na huwezi kuzembea kwa sababu aliye nyuma yako atakukanyaga. Walimu wa michezo wa mashirika wanatufundisha leo kwamba mwendo mzuri wa mbio za afya ni ule unaokuwezesha kuzungumza. Mchakamchaka ulilijua hilo bila semina.

Chimbuko lake kubwa liko jeshini, na hasa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa mwaka 1963. Humo vijana walilima, walijenga na walikimbia alfajiri wakiimba. Mwaka 1966 serikali ilitaka wasomi nao wapite huko kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana hadi Ikulu mwezi wa Oktoba, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Siku hiyohiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe. Hasira yake ilikuwa kwamba msomi anajiona ni bora kuliko mkulima. Lazima ile iliendelea mpaka ikasitishwa miaka ya 1990, ikarudishwa 2013. Kwa Nyerere mbio za alfajiri zilikuwa kama kile kitani cha kijivu cha Jahn: wote jasho moja.

Ila mchakamchaka wa shule ulikuwa amri. Aliyechelewa alipata fimbo. Nyimbo zilichaguliwa, na nyingi zilikuwa za kusifu chama na nchi. Na hapa historia inatugusa wenyewe, kwa sababu wapo Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kupelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na watoto wao waliingia shule zenye mtaala wa Tanzania. Watoto wale walikimbia alfajiri wakiisifu nchi ambayo haikuwa bado yao. Wengine ikawa yao kweli, maana baadaye zaidi ya laki moja na nusu walipewa uraia. Mzee mmoja wa kwetu hapa zoni, aliyepita huko, huwa anacheka akisema Kiswahili chake amejifunza kwa miguu.

Upande wetu wa Kongo, enzi za Mobutu, amri ilikuwa ya kucheza. Wazazi wetu wanaikumbuka animasyo: wafanyakazi na wanafunzi wamepangwa, sare moja, wanaimba na kutikisika kumsifu Kiongozi. Jasho lilitoka, sikatai. Mama yangu mkubwa alipoulizwa kama ile ilimsaidia mwili, alijibu, "Ilinisaidia magoti, moyo hapana." Sitaongeza neno.

Kwa hiyo mpaka hapa tuna mbio za kuamriwa na tuna viwanja vya kufungwa. Mahali ambapo mambo hayo mawili yalikutana ni Bujumbura, na hapo nataka nikae.

Mimi ni mtu wa Uvira. Usiku tukikaa ufukweni tunaziona taa za Bujumbura ng'ambo, karibu sana, utadhani unaweza kuzishika. Wafanyabiashara walikuwa wanaenda na kurudi, na kila aliyelala huko mwisho wa wiki alirudi na habari ileile: asubuhi mji mzima unakimbia. Vikundi vya watu thelathini, hamsini, vijana, akina mama, wazee wenye vitambi, wanapanda vilima vya juu ya mji wakiimba kwa Kirundi na kupiga makofi, kisha wanashuka. Hakuna ada. Mtu wa mtaa anajiunga njiani akiwasikia wakipita. Warundi wanaita siporo, na hawakuhitaji jimu kwa sababu mji wao wenyewe una mlima mgongoni na ziwa mbele.

Tabia ile ilikomaa katika miaka mibaya. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya mwaka kumi. Majirani zangu Warundi wanasimulia kwamba wakati ule kutoka peke yako asubuhi kulikuwa kujitafutia. Barabara fulani ilikuwa ya hawa, mtaa fulani wa wale. Ukikimbia na wengi, mkiimba, unasikika, na anayekusikia anajua mko wangapi. Nami naamini simulizi hizo, kwa sababu hata hapa mama zetu wakienda kuokota kuni hawaendi mmoja mmoja. Wimbo wa kikundi una kazi mbili: kushika pumzi, na kumwambia aliyejificha kwamba hatuko peke yetu.

Mwaka 2005 Burundi ikapata rais ambaye, ukimtazama kwa jicho la mada yetu, hana mfano. Pierre Nkurunziza alikuwa amesomea elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Burundi na alifundisha chuoni kabla ya kuingia msituni mwaka 1995. Alikuwa na timu yake ya mpira na aliicheza akiwa rais. Kama kuna kiongozi duniani ambaye ungemtegemea aziache mbio za wananchi ziendelee, ni huyo.

Machi 8, 2014, siku ya Jumamosi, wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD walikuwa barabarani Bujumbura, baadhi yao wakikimbia kwa kikundi. Polisi wakawazuia. Yakatokea mapigano, na polisi wawili wakashikiliwa ndani ya ofisi ya chama. Makumi ya watu wakakamatwa. Kabla mwezi haujaisha mahakama ilikuwa imeshahukumu, na watu 21 walipata kifungo cha maisha. Serikali ikapiga marufuku mbio za vikundi barabarani. Anayetaka kufanya siporo na wenzake aende kwenye viwanja vilivyotengwa, hapo aonekane.

Nimejaribu kuwaelewa pande zote. Chama kile kilikuwa kimetumia mbio kukusanya watu, hilo halifichiki, na kumshikilia polisi ni kosa mahali popote. Lakini amri haikuwagusa waliofanya kosa tu. Ilimgusa muuza mkate, mwalimu, mama mwenye sukari aliyeambiwa na daktari atembee haraka kila siku na ambaye bila wenzake asingetoka mlangoni. Waliozoea kupanda kilima pamoja wakaambiwa kupanda kilima ni njama. Mwalimu wa michezo alijua vizuri kuliko rais mwingine yeyote watu wanaokimbia pamoja wanajenga nini zaidi ya mapafu. Nadhani ndiyo maana aliogopa.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2015, maandamano yalianza baada ya yeye kutangazwa mgombea wa muhula wa tatu. Mwezi wa Mei maelfu ya Warundi walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikiwa katikati yao, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kutoka hapo wakaletwa Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena kwa ajili yao. Sisi Wakongomani tulikuwa Nyarugusu tangu 1996. Ndipo tulipoanza kusikia nyimbo za Kirundi asubuhi.

Nataka hapa niwe wa kweli kwa wasomaji wetu wa mashirika. Kukimbia kambini si sawa na kukimbia Bujumbura au Dar es Salaam, na si kwa sababu hatuna viatu. Kuna hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya chakula. Kiwango kinachotumika kupangia mgao ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mtu akikimbia anatumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Kijana wa kilo 60 akikimbia kilomita tano ametumia kama 300, yaani sehemu moja ya saba ya mgao kamili. Na sote tunajua mgao haukai kamili. Ukikatwa nusu, kijana yule anakimbia na kitu ambacho mdogo wake angekula. Hii ndiyo ada yetu ya jimu, inalipwa kwa ugali na maharage. Mama mmoja alitupigia kelele tukipita mbele ya mlango wake, kwa Kiswahili chetu cha kule: "Muko nakimbia mupaka wapi na hii njaa?" Tulicheka, lakini kocha wetu hakucheka. Tangu siku hiyo mwezi ambao mgao umepungua tunatembea haraka na kunyoosha viungo, hatukimbii. Anayetaka nguvu anapiga pushapu na sikwati chache, au anainua vyuma vya saruji, yale makopo ya mafuta yaliyojazwa saruji pande mbili za bomba, na analala mapema.

Hesabu ya pili ni ya wanawake. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kazi ya misuli siku mbili. Jamani, dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20. Mama anayelibeba kichwani mara tatu kwa siku kutoka bombani amemaliza dakika zake Jumatano. Ukimletea bango la kumhimiza afanye mazoezi umemtukana bila kujua. Hata hivyo wapo akina dada watatu wanaokuja kukimbia nasi, na wanabeba maji kama wengine. Mmoja nilimuuliza sababu. Akanijibu kwamba maji anayabebea nyumba nzima, lakini mbio ni zake mwenyewe.

Habari za wakimbizi wanaokimbia hufika ulimwenguni kwa njia moja tu, Olimpiki. Na ni habari nzuri. Mwaka 2015 taasisi ya Tegla Loroupe, yule Mkenya bingwa wa marathoni, iliandaa majaribio Kakuma, waliochaguliwa wakaenda kujifua Ngong, na mwaka 2016 vijana watano wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma walikuwa kati ya wakimbizi kumi walioshindana Rio. Rose Nathike Lokonyen, aliyewahi kukimbia kilomita kumi peku, ndiye aliyebeba bendera. Kikundi hichohicho kilikuwa na Popole Misenga, mwana judo aliyezaliwa Bukavu, na siku aliposhinda pambano lake la kwanza, watu wa Kivu tulishangilia kama tumeshinda vita. Lakini tangu wakati huo kila mradi wa michezo unaokuja unatafuta Rose mwingine. Wanakuja na saa ya kupimia, wanawapanga vijana, wanachukua wawili wenye kasi, wanapiga picha, wanaondoka. Mzee mwenye presha na msichana wa wastani hawamo kwenye taarifa. Waliopanda vilima vya Bujumbura hawakuwa wanakwenda Rio, walikuwa wanakwenda kunywa chai nyumbani.

Na kibali? Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na aombe kibali cha kutoka. Kwa hiyo mbio zetu ni za mzunguko. Unatoka zoni, unapita sokoni, unazunguka kiwanja, unarudi. Mwaka fulani, tulipofika watu arobaini na tukawa tunaimba, sungusungu walitusimamisha. Hawakuwa wabaya, wengine ni majirani. Walisema ofisi moja imeuliza hao wanaoimba kwa Kirundi alfajiri ni kina nani na wanajiandaa na nini. Tukaandika barua. Tukajibiwa tulete orodha ya majina, uraia na zoni ya kila mkimbiaji. Nikakumbuka Prussia ya 1820, nikakumbuka Bujumbura ya 2014, na nikawaona wenzetu Warundi usoni. Watu waliokimbia nchi kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye orodha hawaandiki majina yao kwenye orodha nyingine ili waruke kamba.

Tulijadiliana jioni nzima. Wakongomani wengi tulitaka tuandike, yaishe. Warundi walikataa, na mzee wa Ulyankulu alikuwa upande wao, ingawa yeye ndiye angekuwa wa mwisho kuogopa. Alisema serikali ina haki ya kuuliza, kambi ni yake, na zamani watu wenye silaha wamewahi kujificha kati ya wakimbizi, kwa hiyo tusiwacheke wanaouliza. Ila tuwape jibu lingine. Akapendekeza nyimbo ziwe za Kiswahili, zile za mchakamchaka ambazo kila askari wa nchi hii alizikimbilia akiwa darasa la tatu, na askari yeyote anayetaka aje akimbie nasi asikie kwa masikio yake.

Wapo waliosema ni kujidhalilisha, kuacha lugha yako ili usiogopwe. Mimi naona wana haki nusu. Kirundi kimebaki kwa wanaotembea, wakiongea taratibu. Orodha haikupelekwa, na haikuulizwa tena. Vikundi sasa ni vitatu, kila kimoja hakizidi watu kumi na watano, vinapishana kwa dakika chache na kukutana kiwanjani kwa kunyoosha viungo. Askari mmoja kijana amekuja mara nne. Anaanzisha wimbo vizuri kuliko sisi sote, ila pumzi zinamwishia kabla ya kufika sokoni.